Nani anamsubiri nani? Kisa cha udev

Ukichomeka flashi kwenye kompyuta ya Linux, wa kwanza kujua ni kerneli, yaani kile kiini cha mfumo kinachoongea na vifaa. Wewe na programu zako mko nje ya ukuta. Lazima awepo wa kuwaletea habari, na leo nataka tumzungumzie huyo tarishi.

Zamani tarishi hakuwepo. Folda ya /dev ilijazwa mapema mafaili ya kila kifaa kinachoweza kufikirika, uwe nacho usiwe nacho. Red Hat 9 ya mwaka 2003 ilikuja na mafaili zaidi ya 18,000 humo! Richard Gooch alikuwa ameshaleta devfs, iliyoingizwa kwenye kerneli mwaka 2000: kifaa kikionekana, kerneli yenyewe inaunda faili lake. Wazo zuri, ila majina ya vifaa yakawa yanapangwa ndani ya kerneli, na wengi hawakulipenda hilo.

Mwaka 2003 Greg Kroah-Hartman akaja na udev. Kerneli itoe taarifa tu, majina yapangwe nje. Mwanzoni kila taarifa ilianzisha programu upya, ikiitwa hotplug. Sasa hebu fikiria: ukituma matarishi wawili wakifuatana, nani kakwambia watafika kwa zamu? "Kifaa kimeondolewa" iliweza kushughulikiwa kabla ya "kifaa kimeingia". (Sisi wa magazeti tunaijua hiyo, kanusho kutua mezani kabla ya habari yenyewe.) Ikabidi kila taarifa ipewe namba. Baadaye udev ikawa inakaa macho muda wote, ikipokea taarifa kupitia netlink. Devfs ikaondolewa kabisa mwaka 2006.

Lakini kufikisha habari ni kitu kimoja, kujua kama imeshughulikiwa ni kingine. Mwaka 2012 likazuka balaa. Baadhi ya dreva, zikiwa bado zinapakiwa, ziliomba faili la kuingizwa ndani ya kifaa, kisha zikasubiri. Udev nayo ikaliweka ombi hilo kiporo mpaka dreva imalize kupakiwa. Huyu anamsubiri yule, yule anamsubiri huyu, hadi muda unaisha! Linus Torvalds aliwaka hadharani, akailaumu udev. Upande wa pili walisema dreva ndizo zenye kasoro. Mimi naona Torvalds alikuwa na hoja: kifaa kilichokuwa kikifanya kazi jana kimegoma leo, mwenye kompyuta ana kosa gani?

Desemba 2012 ikatoka kerneli 3.7, ikiyasoma mafaili hayo yenyewe moja kwa moja kwenye diski. Kwa kazi hiyo, haikuwa lazima tena kumtuma tarishi.