Nani Aliyeanzisha Vita?

Katika nchi zinazotawaliwa kwa kura, vyama vya siasa hugombea mambo mengi: kodi, ardhi, shule, barabara na kazi. Mara nyingine hugombea hata wafu. Chama kimoja hukiambia kingine, "Ninyi ndinyi mlioiingiza nchi vitani, na sisi ndisi tulioitoa humo." Neno hili ni jepesi kulisema, tamu kulisikia na gumu kulipima. Yafaa, msomaji, tulipime pamoja, kwa maana utakutana nalo mara nyingi vitabuni na magazetini, na asiyejua kupima huuziwa mawe kwa bei ya mchele.

Tuchukue mfano wa Marekani, ambako shutuma za namna hii zina umri mrefu. Kwa zaidi ya miaka 150 utawala wa nchi hiyo umekuwa ukishindaniwa na vyama viwili vikubwa, chama cha Demokrati na chama cha Republikani. Tarehe 15 Oktoba 1976 wagombea wawili wa umakamu wa rais walikutana mjini Houston kujadiliana mbele ya taifa. Bob Dole, wa chama cha Republikani, alisema kwamba lau wangehesabiwa waliouawa na kujeruhiwa katika vita vya Wademokrati katika karne ile, wangefika kama 1,600,000, nao wangetosha kuujaza mji wa Detroit. Mpinzani wake, Walter Mondale, alimwuliza kama kweli alitaka kusema kwamba vyama vilitofautiana katika vita vya kupigana na Wanazi wa Ujerumani. Swali hilo lilimgusa Dole mahali pake, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa mmoja wa majeruhi aliowahesabu. Mwaka 1945 alipigwa vibaya akiwa vitani huko Italia, na mkono wake wa kuume haukurudia nguvu zake tena.

Kabla ya kulikataa neno la Dole, haki yataka tuone liliposimama. Marekani ilipoingia katika Vita Vikuu vya Kwanza mwaka 1917, rais alikuwa Woodrow Wilson. Ilipoingia katika Vita Vikuu vya Pili mwaka 1941, rais alikuwa Franklin Roosevelt. Ilipokwenda Korea mwaka 1950, alikuwa Harry Truman; na vikosi vyake vya kupigana vilipotua Vietnam mwaka 1965, alikuwa Lyndon Johnson. Wote wanne walikuwa Wademokrati. Tena, mapigano ya Korea yalisimama mwaka 1953 katika utawala wa Dwight Eisenhower, na mapatano ya kuwatoa askari wa Marekani Vietnam yalitiwa sahihi mwaka 1973 katika utawala wa Richard Nixon. Nao wawili hawa walikuwa Warepublikani. Kwa mtazamo wa kwanza hesabu yaonekana kutimia.

Lakini hesabu hiyo yatuambia jambo moja tu: ni nani aliyekuwa amekaa kitini siku fulani. Haituambii vita vilisababishwa na nini, wala ni akina nani waliovikubali, wala vilikomaje. Hebu tuyatazame hayo matatu, moja baada ya jingine.

Kwanza, sababu. Tarehe 7 Desemba 1941 ndege za Japani zilishambulia bandari ya Pearl Harbor katika visiwa vya Hawaii. Kesho yake Baraza la Seneti lilikubali vita kwa kura 82 pasipo mpinzani, na Baraza la Wawakilishi likakubali kwa kura 388 dhidi ya moja. Siku tatu baadaye Ujerumani yenyewe ikaitangazia Marekani vita. Kuviita vita hivi vya Wademokrati ni sawa na kumshitaki mwenye nyumba kwamba ndiye aliyeleta moto, kwa kuwa alikutwa ndani nyumba ilipoanza kuwaka.

Pili, waliokubali. Mwaka 1917 Seneti ilikubali vita kwa kura 82 dhidi ya 6, na Baraza la Wawakilishi kwa kura 373 dhidi ya 50. Kura nyingi kama hizo haziwezi kutoka katika chama kimoja, na wale 50 waliokataa nao walitoka pande zote mbili. Mwezi wa Agosti 1964 Johnson alipoomba ruhusa ya kutumia nguvu katika Vietnam, Wawakilishi 416 walikubali, na hakuna hata mmoja aliyekataa. Katika Seneti walikubali 88 wakakataa wawili. Wawili hao, Wayne Morse na Ernest Gruening, walikuwa wa chama cha rais mwenyewe, hali kila Seneta wa Republikani aliyepiga kura alimwunga mkono. Basi vita hivyo tuviite vya nani?

Miaka ikapita, na lawama ikahamia upande wa pili. Mwezi wa Machi 2003 George W. Bush, Mrepublikani, aliivamia Iraki, na baada ya mambo kuharibika Wademokrati wengi walivisema vita hivyo kuwa ni vya Warepublikani. Hata hivyo, Seneti ilipotoa ruhusa mwezi wa Oktoba 2002, kura zilikuwa 77 dhidi ya 23, na katika wale 77 walikuwamo Wademokrati 29. Ni kweli pia kwamba karibu wote waliokataa walikuwa Wademokrati, na ukweli huo haufai kufichwa. Lakini mtu aliyeinua mkono wake kukubali hawezi kuuficha mkono huo nyuma ya mgongo wa rais, ati kwa sababu rais si wa chama chake.

Tatu, mwisho wa vita. Mazungumzo ya kusimamisha mapigano ya Korea yalianza mwezi wa Julai 1951, Truman angali rais. Yalikwama kwa muda mrefu, hasa juu ya mateka wa vita. Mwezi wa Januari 1953 Eisenhower akashika utawala. Mwezi wa Machi Stalin akafa kule Urusi. Na tarehe 27 Julai mapatano yakatiwa sahihi. Si haki kumnyima Eisenhower sifa yake, maana alikubali kuweka silaha chini pasipo ushindi, jambo ambalo baadhi ya watu wa chama chake hawakulipenda. Lakini si haki vilevile kusema kwamba aliyemaliza ni mtu mmoja, au chama kimoja. Zaidi ya hayo, mapatano yale yalikuwa ya kusimamisha mapigano tu. Mkataba wa amani haukufuata.

Na Vietnam je? Nyumba ile ilijengwa na mikono mingi. Truman, Mdemokrati, alianza kuwasaidia Wafaransa kwa fedha na silaha mwaka 1950. Eisenhower, Mrepublikani, aliendeleza msaada huo, na Wafaransa waliposhindwa mwaka 1954 akaiunga mkono serikali ya kusini na kuipelekea washauri wa kijeshi. Kennedy, Mdemokrati, aliwaongeza washauri hao hata wakafika kama 16,000 mwaka 1963. Johnson akapeleka jeshi ambalo mwaka 1968 lilizidi watu 500,000. Nixon aliwarudisha askari nyumbani kidogo kidogo, ila mwaka 1970 aliwaingiza pia katika nchi ya Kambodia. Zaidi ya askari 20,000 wa Marekani walikufa katika miaka minne ya utawala wake kabla ya mapatano ya 1973, kati ya jumla ya kama 58,000. Wavietnamu wenyewe waliendelea kupigana mpaka mwezi wa Aprili 1975.

Usidhani kwamba mchezo huu ni wa siku hizi. Mwaka 1846 Rais James Polk, Mdemokrati, aliomba vita na Meksiko. Chama cha upinzani siku zile kiliitwa Whig. Wengi wa watu wake Bungeni walipiga kura ya kukubali, kwa kuwa waliogopa kuonekana kwamba wanawaacha askari wao walio mbele ya adui. Baadaye walivitaja vita hivyo kuwa ni vya Bwana Polk, na mwezi wa Januari 1848 walisaidia kupitisha, kwa kura 85 dhidi ya 81, neno la kuvilaumu katika Baraza la Wawakilishi. Mwaka huohuo wakamteua Zachary Taylor, jemadari aliyepata jina katika vita vilevile, awe mgombea wao wa urais, naye akashinda. Lawama wakamwachia Polk, utukufu wakauchukua wao.

Nasi wa Afrika Mashariki tuna mfano ulio karibu na mlango wetu. Mwezi wa Agosti 1992 ndege za Marekani zilianza kupeleka chakula Somalia kutoka Mombasa, kwa sababu ya njaa. Mwezi wa Desemba Rais George H. W. Bush, Mrepublikani aliyekuwa amekwisha kushindwa katika uchaguzi, alipeleka majeshi ili kukilinda chakula hicho. Mwezi uliofuata Bill Clinton, Mdemokrati, aliirithi kazi hiyo. Tarehe 3 na 4 Oktoba 1993 palitokea mapigano makali Mogadishu. Askari 18 wa Marekani waliuawa, pamoja na mamia ya Wasomali. Majeshi ya Marekani yaliondoka mwezi wa Machi 1994. Katika kulaumiana kuliko fuata, wale 18 walitajwa sana. Wale mamia walitajwa kwa nadra. Hapo twaona upungufu mwingine wa daftari hili la vyama. Hata Dole, alipohesabu watu wa kuujaza mji, hakuwahesabu Wakorea wala Wavietnamu.

Huenda utauliza, je, tuseme basi kwamba hakuna wa kulaumiwa? Hasha. Lawama iliyotupwa juu ya chama kizima humponya mtu mmoja mmoja. Rais aliyeamua, mshauri aliyemdanganya, mjumbe aliyepiga kura pasipo kusoma, wote hupata kivuli cha kujificha. Sifa nazo hupotea kwa njia hiyohiyo. Jeannette Rankin wa Montana, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa katika Bunge la Marekani, alikuwa Mrepublikani. Mwaka 1917 alikuwa mmoja wa wale 50 waliokataa, na mwaka 1941 kura ile moja ya kukataa ilikuwa yake. Waweza kuona kwamba mara ya pili alikosea, kama wengi walivyoona. Lakini huwezi kumpata katika hesabu ya vyama, kwa maana alisimama peke yake, na jina lake liliandikwa.

Kwa hiyo, msomaji, ukiambiwa kwamba chama fulani ndicho kianzishacho vita na kingine ndicho kivimalizacho, usikubali upesi wala usikatae upesi. Uliza vita hivyo vilitokana na nini kabla ya siku ya risasi ya kwanza. Uliza ni akina nani waliokubali, na kwa kura ngapi. Uliza mapatano yalianza lini, na ni nini kilichoyachelewesha. Kisha uliza ni wafu gani waliohesabiwa, na ni wepi walioachwa nje ya hesabu. Ukiisha kuyajua hayo, ndipo utakapoweza kulaumu au kusifu, nawe utafanya hivyo kwa kutaja watu na matendo yao.