Togwa: Nafaka Ilibadilika, Kimea Kikabaki

Togwa, kinywaji kisicholevya ambacho hupatikana kwa kupika uji wa nafaka, kuupoza, kuutia kimea na kuuacha uchachuke, kina mizizi mirefu kuliko mahindi ambayo leo ndiyo nafaka yake kuu katika sehemu kubwa ya Tanzania. Ulezi ulianza kulimwa katika nyanda za juu za Afrika Mashariki, zile za Uganda na Ethiopia ya leo, na mtama ulitokana na mbuga za mashariki mwa Sudan, ambako mabaki yake ya kale yana umri wa takribani miaka 5,000. Mahindi, kwa upande wake, yaliletwa kutoka Amerika na Wareno katika karne ya 16 na yakachukua muda mrefu kuenea bara, kwa hiyo asili ya kinywaji hiki haina budi kutafutwa katika nafaka ndogo zilizotangulia.

Richard Burton, msafiri Mwingereza aliyefuata njia ya misafara kutoka pwani hadi Ziwa Tanganyika kati ya 1857 na 1859, aliitaja togwa kwa jina lake hilihili katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1860. Aliandika kwamba ilitengenezwa kwa mtama, kwamba mwanzoni ilikuwa nzito na tamu mithili ya uji uliotiwa asali, na kwamba ikikaa hadi kuwa kali iliweza kulevya. Maelezo hayo yana thamani kubwa, kwa kuwa yanaonyesha mpaka ambao wapishi wanauzingatia hadi leo: togwa na pombe ya nafaka hupita njia moja, ila anayetengeneza togwa huishia mapema, uchachu unapokuwa umeingia na ukali wa kileo bado. Ndiyo maana togwa ilipata nafasi pale pombe ilipokatazwa, ikanyweshwa watoto na wanawake wajawazito, ikapokelewa na Waislamu na waumini wa makanisa yaliyopinga ulevi, na ikapelekwa shambani kwa watu waliokuwa katika kazi ya ujima.

Kiini cha utaalamu wote huu ni kimea, yaani unga wa nafaka iliyooteshwa, na mara nyingi nafaka hiyo ni ulezi. Ulezi hupepetwa, hulowekwa usiku kucha, kisha hutandazwa juu ya gunia au jani la mgomba, ukafunikwa na kunyunyiziwa maji kwa siku mbili au tatu hadi vichipukizi vyeupe vinapotokeza, ndipo unapoanikwa juani ukauke kabisa na kusagwa. Baadaye hupikwa uji mzito wa mahindi, mtama au ulezi, ambao huepuliwa na kuachwa hadi uwe wa uvuguvugu ambao kidole kinaweza kuuvumilia, na hapo ndipo kimea kinapotiwa na kukorogwa. Mabadiliko huonekana papo hapo, kwa kuwa katika muda wa dakika chache mwiko uliokuwa ukisimama wima ndani ya sufuria huanza kuzunguka bila shida, na uji ambao haukutiwa sukari hata chembe huanza kuwa mtamu. Kinachofanya kazi hapo ni vimeng'enya vya amilasi, ambavyo mbegu huvitengeneza inapoota na ambavyo huvunja wanga kuwa sukari. Kimea kikitiwa uji ukiwa bado unachemka, vimeng'enya hivyo huharibika na kazi yote hupotea. Mpishi asiyewahi kusikia habari za vimeng'enya ameijua kanuni hiyo kwa kidole chake, na elimu hiyo, ambayo kwa sehemu kubwa imetunzwa na wanawake, inastahili kuitwa sayansi.

Kazi ya pili, ya kuchachusha, hufanywa na bakteria za asidi laktiki zinazotoka katika kimea chenyewe au katika kata ya togwa ya zamani inayotiwa kama chachu, na baada ya usiku mmoja hivi uchachu huwa umekolea.

Watafiti wa Kitanzania waliichukua elimu hiyo kwa uzito unaostahili. Katika miaka ya 1980, A. C. Mosha na mwenzake U. Svanberg wa Sweden walionyesha kwamba kimea kidogo huwezesha uji wa mtoto kubeba unga mwingi zaidi bila kuwa mzito wa kumshinda kumeza, jambo kubwa kwa mtoto ambaye tumbo lake ni dogo na mahitaji yake ni makubwa. Mwaka 1994, Wilbald Lorri na Svanberg walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba watoto wadogo waliolishwa uji uliochachushwa waliugua kuhara mara chache kuliko wenzao, kwa kuwa vijidudu vingi vya maradhi haviwezi kustawi katika uchachu wa namna hiyo. Hata hivyo, uchachu hausafishi nafaka iliyooza: sumukuvu, ile sumu ya ukungu, haimalizwi na kuchachusha, na kimea kilichoanikwa vibaya hakifai kutumiwa.

Baada ya uhuru, Iringa, Mbeya, Ruvuma na Rukwa zilipokuwa ghala la mahindi la taifa, sufuria ya togwa nayo ilijaa mahindi. Kimea hakikufuata mkondo huo, kwani ulezi huota vizuri katika joto bila kushikwa upesi na ukungu, na vimeng'enya vyake vina nguvu. Kwa sababu hiyo, ulezi umeendelea kupandwa katika vipande vidogo kandokando ya mashamba ya mahindi na kuuzwa sokoni kwa kopo, na wanunuzi wake wengi huutaka kwa ajili ya kimea, kiwe cha togwa au cha pombe.