Kovu la Pajani

Kaka yangu ana kovu pajani linalowachanganya watu. Akivaa bukta kwenda kucheza mpira, lazima mtu amuulize kama aliungua au alivunjika mguu. Yeye hujibu, "Hili ni la kichwani."

Na hatanii. Alianguka na bodaboda njia ya Mbinga, bila helmeti, na siku ya tatu alikuwa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900 kutoka Songea, akifunguliwa fuvu. Daktari alitueleza kwamba ubongo ulikuwa umevimba kiasi kwamba utando unaoufunika haukuweza tena kufungwa. Wakaazima kipande cha utando wa pajani, ule mweupe mgumu unaofunika misuli, wakashonea pale. Mama aliposikia neno kuazima akauliza kitarudishwa lini.

Mimi nilibaki na swali jingine: kabla ya paja, watu walitumia nini?

Utando wenyewe una jina la ajabu. Waganga wa Kiarabu waliita tando za ubongo "umm", yaani mama, kwa kuwa huubeba na kuulinda. Mwaka 1127 Stephen wa Antiokia alipotafsiri kwa Kilatini kitabu cha Ali ibn Abbas al-Majusi, ule wa nje ukawa dura mater, mama mgumu. Hospitali zote duniani humwita hivyo mpaka leo. Mama huyo akitoboka, maji ya ubongo huvuja na vijidudu hupata mlango.

Mwishoni mwa karne ya 19 wapasuaji wa Marekani walijaribu kuziba pengo kwa mpira, wengine kwa karatasi ya dhahabu. Wengine walirudi kwenye mwili wa mgonjwa mwenyewe. Kisha mwaka 1969 kampuni ya B. Braun, ya mji wa Melsungen, Ujerumani, ikaanza kuuza Lyodura: utando wa ubongo uliochukuliwa kwa maiti, ukakaushwa kwa baridi na kufungwa kwenye pakiti. Ulipendwa sana. Daktari alifungua pakiti, akaulowesha, akashona.

Tatizo lilikuwa kwenye utengenezaji. Tando za maiti wengi zilisafishwa pamoja, na ugonjwa wa Creutzfeldt-Jakob, unaooza ubongo na usio na tiba, hausababishwi na bakteria wala virusi bali na protini iliyojikunja vibaya, ambayo haiuawi na usafishaji wa kawaida. Maiti mmoja alitosha kuchafua za wenzake. Mwaka 1987 mgonjwa wa kwanza aliripotiwa Marekani, mwanamke wa miaka 28. Mwaka huohuo kampuni ilibadili njia ya kusafisha, lakini pakiti za zamani ziliendelea kutumika. Japani, ambako Lyodura ilitumika kwa wingi, ilipiga marufuku utando wa maiti mwaka 1997, na waliougua huko wamepita 150. Wengine waliugua zaidi ya miaka 20 baada ya kushonwa, wakiwa wameshasahau kwamba waliwahi kupasuliwa.

Nikiwa mtu wa Songea, siwezi kusoma habari za maiti na Ujerumani bila kufikiria jambo jingine. Kila Februari tunakwenda Makumbusho ya Majimaji kuwakumbuka walionyongwa mwaka 1906. Inasimuliwa kwamba kichwa cha Nduna Songea Mbano kilipelekwa Ujerumani, na Novemba 1, 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier alikuja hapa kuomba radhi na kuahidi kusaidia kukitafuta. Sisemi mambo haya mawili ni sawa. Fuvu lilichukuliwa kwa vita, na tando zilichukuliwa kwa tiba. Ila kote kuwili marehemu hakuulizwa.

Siku hizi zipo tando za kolajeni ya ng'ombe, safi, tayari kwa kukatwa kwa mkasi. Zina bei. Paja halina bei, na haliwezi kumletea mtu ugonjwa wa mtu mwingine. Kwa hiyo wapasuaji wetu bado wanaazima pajani, na si kwa sababu ya umaskini peke yake.

Februari iliyopita kaka alikuja nasi makumbusho. Ulipofika muda wa kusimama kimya alivua kofia, akashika ule upande wa kichwa unaobonyea, kama afanyavyo akiwa amechoka. Mtoto wa jirani akamuuliza kwa sauti ya chini kama panauma. Akamwambia hapana, paja ndilo linalouma, hasa mvua ikikaribia.