Kadi ya michoro iliyoongezwa kasi kiwandani ina faida gani?

Kadi ya michoro ya GeForce RTX 3060, ya daraja la kati, iliyobuniwa na kampuni ya Nvidia ya Marekani, ilianza kuuzwa Februari 2021. Kasi yake ya juu iliyotangazwa ni megahezi 1,777. Gigabyte ya Taiwan ilitoa toleo la Gaming OC, lililoongezwa kasi kiwandani hadi megahezi 1,837, yaani asilimia 3 hivi.

Kumbukumbu ni ile ile, gigabaiti 12. Hivyo mchezo unaoonyesha picha 60 kwa sekunde hautarajiwi kuzidi 62, tofauti ambayo jicho halitambui. Nafuu iliyo dhahiri zaidi hutokana na feni tatu zinazopoza kadi bila kulazimika kuzunguka kwa kasi na kupiga kelele. Kwa hiyo mnunuzi alipie upozaji, si megahezi.