Wimbo Unalia Vizuri, Lakini Nani Aliwapeleka Topeni?

Wasee, kuna wimbo umenikaa kichwani wiki mbili sasa. Unaitwa "The Flowers of the Forest", yaani maua ya msituni, na ni wa Waskoti. Niliupata usiku nikitafuta kitu kingine kabisa: mzee amevaa ile sketi yao, anapuliza zumari ya mfuko, na watu wamesimama kimya kabisa. Sikujua wanamlilia nani, lakini machozi yalinitoka, bana. Halafu nikaenda kusoma. Nikakasirika.

Mwaka ni 1513. Uskoti ni nchi huru na mfalme wake ni James IV. Huyu msee hakuwa mjinga: aliongea lugha kadhaa, na ni enzi zake uchapishaji wa vitabu ulianza nchini humo. Mke wake, Margaret, alikuwa dada ya Henry VIII wa Uingereza, kwa hivyo Henry alikuwa shemeji yake. Lakini Henry alipovamia Ufaransa, James alikumbuka mkataba wa zamani kati ya Uskoti na Wafaransa, akavuka mpaka na jeshi kubwa kweli.

Tarehe 9 Septemba walikutana na Waingereza karibu na kijiji cha Branxton. Vita vyenyewe vinaitwa Flodden. Waskoti walikuwa juu ya kilima. Juu! Kama umewahi kucheza gemu yoyote ya vita kwenye simu, unajua mwenye kilima ndiye mwenye mchezo. Mikuki yao ilikuwa na urefu wa mita 5 hivi, mtindo mpya waliofundishwa na makapteni wa Kifaransa. Mkuki kama huo hukusaidia mkienda pamoja, bega kwa bega, bila kusimama. Upande mmoja wa jeshi lao ulianza vizuri, na nadhani hapo ndipo James alidhani mambo ni rahisi. Akashuka na kikosi chake, yeye mwenyewe kwa miguu, mstari wa mbele.

Chini kulikuwa na tope.

Safu zikavunjika. Ile mikuki mirefu ikawa mzigo tu, na Waingereza walikuwa na silaha fupi, mti wenye kisu cha kulabu, ndugu ya mundu wa kukatia ua. Wakaikata mikuki, kisha wenye mikuki. Kufikia giza Waskoti kama 10,000 walikuwa wamekufa. Mfalme akiwemo. Mwanawe Alexander pia, kijana wa miaka 20 hivi aliyekuwa askofu mkuu na aliwahi kufundishwa na Erasmus. Mrithi wa kiti alikuwa mtoto wa miezi 17. Na koti la James, likiwa na damu, lilitumwa Ufaransa kwa Henry. Zawadi ya shemeji, hebu fikiria.

Sasa turudi kwa wimbo. Muziki wake ni wa zamani, ulishaandikwa kwenye daftari miaka mia moja hivi baada ya vita. Lakini maneno yanayojulikana sana yalitungwa na mwanamke anayeitwa Jean Elliot, katikati ya karne ya 18. Inasimuliwa kwamba kaka yake alimwekea dau kuwa hawezi kutunga wimbo kuhusu Flodden. Ulitoka bila jina lake, na watu wakadhani ni wa kale.

Dau halinisumbui. Huyu dada alijua kazi. Hakuanza na mfalme; alianza na wasichana wanaokamua kondoo alfajiri. Zamani waliimba wakikamua, sasa wanaugua tu. Wakati wa mavuno hakuna vijana wa kuwatania, na jioni hakuna wa kuwatongoza. Maua ya msituni ni hao vijana, wa kule Ettrick, karibu na mji wa Selkirk. Kifo cha watu elfu kumi ukikipima kwa mzaha uliokosekana shambani, unakielewa.

Shida yangu ni mstari mmoja. Wimbo unasema Waingereza walishinda kwa hila. Hila gani? Ndio, kamanda wao, Earl wa Surrey, mzee wa miaka 70 hivi, alizunguka akaziba njia ya kurudi Uskoti. Hiyo ni akili. Hata baada ya hapo James bado alikuwa na kilima. Hakuna Mwingereza aliyemsukuma chini. Katika wimbo mzima hakuna anayemuuliza kitu.

Mnajua hii kitu. Umeenda mazishi, kwaya imeimba mpaka mbavu zinauma, mhubiri amesema ni mipango ya Mungu, na hakuna aliyetaja dereva. Shosho yangu hutajanga. Huwa anangoja wimbo uishe, kisha anauliza kwa sauti ya kawaida tu, "Na nani alikuwa anaendesha?" Watu huangalia chini.

Wapiga zumari wengi hawapigi huu wimbo hadharani ovyo ovyo. Wanauweka kwa mazishi na kumbukumbu za wanajeshi. Naheshimu hiyo. Jana nimeusikiliza tena, na wale wasichana bado nawaona na ndoo zao. Lakini sasa namwona pia James juu ya kilima, mizinga nyuma yake, anaangalia bonde ambalo hajatuma mtu hata mmoja kulikanyaga.