Amri ya Nne na Jina Jema la Mzee

Kila Dominika ya nne ya Julai Kanisa huadhimisha Siku ya Mababu, Mabibi na Wazee Duniani. Baba Mtakatifu Fransisko aliianzisha mwaka 2021, akaiweka karibu na tarehe 26 Julai, kumbukumbu ya Watakatifu Yoakimu na Anna, wazazi wa Bikira Maria. Parokiani wazee huombewa, pengine hupewa sukari, sabuni au kanga. Ni vema. Hata hivyo, sabuni haimlindi bibi ambaye majirani wamekwisha kumpa jina la mchawi.

Katika Usukuma, hususan Shinyanga, Simiyu, Mwanza na Geita, wazee, na zaidi wanawake wajane, wameuawa kwa miongo mingi kwa tuhuma hiyo. Alama inayotajwa mara nyingi ni macho mekundu. Mama aliyepika miaka hamsini kwa kuni na samadi kavu, katika jiko lisilo na dirisha, atayapata wapi macho meupe? Moshi ulioyaharibu ni ule ule ulioivisha chakula cha wanaomtuhumu. Wengine hutuhumiwa kwa sababu hutembea usiku au husema peke yao, hali inayoweza kuletwa na maradhi ya usahaulifu. Yoshua bin Sira aliliona hilo zamani, akamtaka mwana amvumilie baba yake hata akili zake zikipungua (YbS 3:12-13). Tena, nyuma ya tuhuma mara nyingi limejificha shamba la mjane.

Katekisimu (na. 2218) yawakumbusha watoto waliokomaa wajibu wa kuwategemeza wazazi kwa mali na kwa moyo wakati wa uzee, ugonjwa, upweke na dhiki. Bwana wetu aliwakemea walioita mali yao Korbani ili wasiwasaidie wazazi (Mk 7:9-13). Lakini mzee ana haki pia ya jina lake. Katekisimu (na. 2477) yafundisha kwamba anayesadiki kosa la kimaadili la mwenzake bila msingi wa kutosha ametenda dhambi ya hukumu ya pupa, hata kama amesadiki kimoyomoyo tu. Wapo wasemao kwamba hawakumtaja mtu, mpiga ramli ndiye aliyemtaja. Utetezi huo ni dhaifu mno: aliyekwenda kuuliza amekwisha kuivunja amri ya kwanza (na. 2116) kabla hajaifikia ya nane, na mwisho wa njia hiyo mara nyingi ni ya tano.

Minong'ono ikianza, viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo wasingoje. Wahamishie sala ya juma hilo nyumbani kwa mzee, kijiji kione. Wamjulishe paroko, na penye vitisho watoe taarifa kwa serikali ya kijiji na polisi. Macho yake yakaangaliwe kituo cha afya.

Asiyeweza kufika kanisani aletewe Komunyo nyumbani, yeye na wanaomhudumia hawafungwi na saa moja ya mfungo (Kan. 919 §3). Mpako wa Wagonjwa nao hausubiri dakika ya kukata roho: mwamini anayeanza kuwa hatarini kwa ugonjwa au uzee aweza kuupokea (Kan. 1004). Familia imwarifu katekista mapema, mzee akiwa bado anaweza kuungama kwa kinywa chake.