Mbiru: Mali ya Mpare Ilipotiwa Kwenye Mizani

Katika Chasu, lugha ya Wapare wa milima ya Upare, Tanganyika, mbiru lilikuwa jina la ushuru wa kale ambao watu walimpelekea mfumwa, yaani mtawala wao wa jadi. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 baraza la wafumwa liliivisha jina hilo kodi mpya isiyofanana na ushuru ule: ilhali kodi ya kichwa ilikuwa kiwango kimoja kwa wote, mbiru ilitaka kila mlipaji akadiriwe mali na mapato yake, kisha atozwe kwa kadiri hiyo.

Kwenye karatasi huo ulikuwa utaratibu wa haki, kwa kuwa mwenye nacho angelipa zaidi ya asiye nacho. Hata hivyo, wafumwa walikuwa wakitumikia mabwana wawili, watu wao milimani na bwana shauri, mkuu wa wilaya Mwingereza aliyekaa Same, na ni vigumu kuisoma historia ile bila kuiona hamu ya baraza lao ya kujionyesha kwa huyo wa pili kuwa ni watawala wa kisasa. Hamu hiyo iliwagharimu imani ya yule wa kwanza.

Ugumu wenyewe ulikuwa katika kukadiria. Ng'ombe aliyefungwa nyumbani kwa mtu huenda alikuwa wa shemeji yake, aliyemweka pale apate kutunzwa huku mtunzaji akinufaika na maziwa na samadi. Shamba la migomba halikuwa na daftari la mapato. Na mkadiriaji, ambaye mara nyingi alikuwa jirani au ndugu wa ukoo, ndiye aliyeamua mtu ana uwezo gani. Mwenye nyumba akajikuta analazimika kuthibitisha ufukara wake mbele ya watu ambao jana alikuwa nao kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ya kuchimba mifereji na kutengeneza njia, ambako hakuna aliyeulizwa ana ng'ombe wangapi, bali alitazamwa kama amefika na jembe lake.

Mwaka 1945 maelfu ya wanaume waliteremka kutoka milimani hadi Same, kwenye tambarare yenye joto na vumbi, wakapiga kambi kudai mbiru ifutwe. Mwanahistoria Isaria Kimambo, mzaliwa wa Upare aliyeliandikia tukio hilo kitabu kilichotoka mwaka 1971, ameonyesha kwamba hawakukataa kulipa kodi; walichokataa ni mbiru na namna yake ya kukadiria. Mashamba yalibaki mikononi mwa wanawake, nao hawakunyamaza: wale wa Usangi, huko milimani, walimkabili mtawala Mwingereza alipofika kwao, wakamtaka amalize mgogoro, la sivyo awape yeye mimba, kwa kuwa waume zao wamekaa Same mno. Maneno hayo yalikuwa mazito kwa jamii yenye staha kama ile, na pengine ndiyo sababu hayajasahaulika.

Mbiru ilifutwa mwaka 1947, na Wapare wakarudi kwenye kodi ya kiwango kimoja. Uchifu nao ulifutwa katika Tanganyika huru mwaka 1963, lakini neno msaragambo lingali likitumika Same na Mwanga, na anayeitikia wito wake bado huulizwa jembe.